Mfuniko wa Tenki Umegoma? Mnyang'anye Mtu Bisibisi Kwanza

Uko sheli, Malampaka. Mhudumu ameshika mpira wa pampu: "Bosi, fungua tenki." Unavuta kishikio, kimya. Nyuma bodaboda wanapiga honi, na kijana mmoja mwenye huruma anakuja mbio na bisibisi. Fuata hatua hizi.

1. Mnyang'anye bisibisi. Mshukuru, umpe kazi ya hatua ya 3. Mfuniko ukichokonolewa, bati hukunjika na rangi hubanduka. Rangi ikitoka, kutu inaingia, na kupiga rangi upya kutakula hela ya mafuta ya safari nyingi.

2. Hakikisha umevuta chenyewe. Kwenye magari mengi ya mtumba kutoka Japani, kishikio cha tenki kiko sakafuni kando ya kiti cha dereva, kina picha ya pampu. Mara nyingi jirani yake ni cha buti, na cha boneti kiko chini ya dashibodi. Kama boneti ndiyo imeruka, jibu umelipata.

3. Fanyeni wawili. Wewe vuta kishikio usiachie. Kijana abonyeze mfuniko kwa kiganja, kisha aachie. Ukipishana na malori ya pamba kiangazi kizima kati ya Malampaka na Maswa mjini, vumbi huganda kwenye loki na bawaba mpaka springi inashindwa kusukuma. Mara nyingi kiganja kinatosha.

4. Kisikilize kishikio. Kikiwa kizito, ni vumbi au kutu. Kikilegea kama hakijashika kitu, waya umechomoka au umekatika. Fungua buti, toa plastiki ya pembeni upande wa tenki, tafuta ncha ya waya kwenye loki, uivute taratibu kwa plaizi.

5. Gari halina kishikio? Huenda mfuniko unafungwa pamoja na milango. Fungua milango yote kwa rimoti, sukuma mfuniko uachie. Ukigoma bado, kagua fyuzi.

6. Ukifunguka, usijaze tu ukaondoka. Sugua bawaba na loki kwa mswaki mkuukuu na maji ya sabuni, mdomo wa tenki ukiwa umefungwa. Kausha, paka grisi kidogo sana, maana grisi nyingi hukamata vumbi na kukurudisha hatua ya 3.

7. Usingoje taa ya mafuta iwake. Kwenye magari mengi ya petroli pampu imo ndani ya tenki, na petroli ndiyo inayoipoza. Ukizoea kutembelea matone, unaiunguza. Tena mfuniko hugoma bila kutoa taarifa. Nusu tenki itakufikisha Maswa, hata Bariadi, kwa fundi mwenye waya mpya. Tenki kavu halikufikishi popote.