Pilau Iliyokwenda Bagamoyo

Ndugu mmoja aliyekaa Italia miaka mingi alitusimulia jumuiyani kwamba kule, ukifika mwezi wa nane, parokia inalala. Paroko yuko likizo, wanakwaya wako ufukweni, mlango wa ofisi umebandikwa karatasi. Tulimsikiliza kwa huruma, tukawaombea. Huku kwetu Madale, Dar es Salaam, mambo ni kinyume. Masika yakikata, shule zikafunga mwezi wa sita, barabara zetu za vilimani zikaacha kuwa mito na kuanza kuwa vumbi, hapo ndipo parokia inapoamka, na ikishaamka haimwachi mtu asinzie mpaka vuli. Ni majira ya mafrateri kutumwa parokiani, ya hija, ya bonanza, ya mavuno, ya sikukuu za somo wa kila jumuiya. Na kila kimoja kati ya hivyo kina kamati.

Katekisimu inatufundisha sakramenti saba. Ya nane, kwa hapa kwetu, ni kamati. Simjui Mkatoliki wa Madale asiye na cheo: aliyekosa uenyekiti ni makamu, aliyekosa umakamu ni mjumbe, na aliyekwepa vyote hivyo anaitwa mshauri, cheo kisicho na kazi lakini chenye mchango wake. Mimi niko kamati ya usafiri. Sina gari, sina leseni, na bodaboda napanda nikiwa nimefumba macho. Nilichaguliwa katika kikao ambacho sikuhudhuria, na huo ndio utaratibu unaokubalika. Anayehudhuria hupata nafasi ya kujitetea.

Maaskofu wa Afrika ya Mashariki (AMECEA) walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kuzitanguliza jumuiya ndogondogo katika mipango yao ya kichungaji, sidhani kama waliiwaza Jumamosi ya Madale saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye nyumba yenye mbwa wawili na geti lililokwama. Lengo lilikuwa majirani wajuane, wasome Injili pamoja, wasaidiane. Tunajuana kuliko maaskofu walivyotarajia. Mhazini wetu anajua nani amelipa bahasha ya ujenzi na nani amelipa maneno, na orodha huiweka kwenye kundi la WhatsApp usiku, ili mtu ailalie.

Lakini mkubwa wa wote ni mwenyekiti. Ukitaka kubatiza mtoto, kufunga ndoa au kumzika mzazi wako, unaanzia kwake. Nimemwona kigogo wa wizarani, anayepigiwa saluti na walinzi kila asubuhi, akiwa amekaa kwenye benchi la mwenyekiti wetu, ambaye ni fundi baiskeli, amekunja mikono mapajani. Binti anaolewa, na daftari la mahudhurio linaonyesha kwamba nyumba ile ilionekana jumuiyani mara ya mwisho enzi za mwenyekiti aliyepita. Fundi alimaliza kwanza kuziba pancha. Kisha akanawa mikono. Kisha akauliza, "Mzee, unasema unakaa mtaa gani vile?"

Sikukuu za somo ndizo zinazotuchosha kwa utamu. Antoni wa Padua ni 13 Juni, Yohane Mbatizaji 24 Juni, Petro na Paulo 29 Juni, Yoakimu na Anna 26 Julai, Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni 15 Agosti. Na katikati yao kuna watakatifu wengine ambao jumuiya zetu hazikuwaacha hivihivi. Kila jumuiya inaalika jirani zake, na kila mwalikwa anakuja na bahasha na njaa. Viti vya plastiki huazimwa huku na huku, hata ukikaa unaweza kusoma mgongoni kwa mwenzako historia nzima ya parokia: jina la jumuiya lililofutwa, jina jingine juu yake, na la tatu limeandikwa pembeni kwa kalamu ya wino.

Kwa upande wa fedha tuna mavuno. Waumini huleta matunda ya jasho lao: mkungu wa ndizi, mihogo, boga, kuku. Wengi wetu shamba letu ni kiwanja cha robo eka chenye nyumba isiyoisha, kwa hiyo mavuno yetu huvunwa sokoni Tegeta Jumamosi jioni. Baada ya Misa vitu hunadiwa nje. Safari hii palikuwa na mtetea mmoja mwekundu. Mzee wa UWAKA, chama cha wanaume, alimnunua kwa elfu ishirini, akamzawadia paroko. Paroko akashukuru, akamrudisha mnadani. Mama mmoja wa WAWATA, chama cha wanawake, akamchukua kwa elfu thelathini, akawazawadia kwaya. Kwaya wakasema hawana banda, wakamrudisha mnadani. Jua linakuwa kali, yule kuku ameshaingiza fedha ya mbuzi wawili na bado hana kwao. Ilibidi mnadishaji aende naye nyumbani kwake. Kesho yake akataga, na Jumapili iliyofuata yai likaletwa kwenye matoleo. Lilinadiwa.

Kiwanda cha saruji kiko Wazo Hill, jirani yetu kabisa, kimekuwa kikizalisha tangu 1966. Ungedhani kanisa letu lingeisha mapema. Kumbe mfuko wa saruji hausafiri kwa lori, unasafiri kwa ahadi, na ahadi za Madale zina foleni kuliko barabara ya Bagamoyo saa kumi na moja jioni. Niliache hilo, lina wenyewe na orodha yao ipo kwenye WhatsApp.

Nataka kusema habari ya hija.

Mwezi wa saba parokia ilipanga hija mbili siku moja. Wazee, yaani UWAKA na WAWATA, waende Pugu. Vijana wa VIWAWA waende Bagamoyo wakiongozwa na frateri, na jioni wacheze mpira na vijana wa kule. Coaster mbili zilikodiwa, za rangi moja, za tajiri mmoja. WAWATA walikesha wakipika pilau ya wazee kwenye sufuria kubwa iliyoazimwa jumuiya ya ng'ambo ya korongo. Alfajiri umeme ulikatika. Kamati ya usafiri ilikuwa imebandika mabango kwenye vioo vya mbele, yameandikwa kwa herufi kubwa: HIJA. Yote mawili. Kamati ya chakula ikapakia sufuria kwenye Coaster yenye bango la HIJA. Kamati ya michezo nayo ikapakia mpira, jezi na filimbi kwenye Coaster yenye bango la HIJA. Baadaye kila kamati iliwasilisha taarifa ya maandishi kwamba haihusiki, na ukizisoma taarifa zote tatu utakubali kwamba hakuna aliyekosea.

Tuliondoka tukisali rozari, tukapita Goba na Mbezi Mwisho, tukafika Pugu jua limechomoza vizuri. Pugu si mahali pa mchezo. Wamisionari Wabenediktini kutoka St. Ottilien, Ujerumani, walifungua misheni hapo mwaka 1888, na Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, misheni ikashambuliwa. Baadhi yao waliuawa na wengine wakachukuliwa mateka. Katekista wetu anaijua historia hiyo kwa kina, na anaipenda. Alikuwa amefika kwenye kuchomwa kwa misheni pale mwenyekiti wa kamati ya chakula aliporudi kutoka kwenye gari, uso umemshuka, mkononi ameshika jezi namba tisa.

Simu ilipigwa palepale, tena kwa spika, tukaizunguka.

"Tumsifu Yesu Kristo, mzee. Shikamoo."

"Milele amina. Marahaba. Sufuria iko wapi?"

"Mzee, hata sisi tumeshangaa. Tumekuta chakula."

"Msikiguse!"

"Mzee, mtandao huku Bagamoyo unakatika."

Haukukatika. Tulisikia vijiko.

Habari za upande wa pili tulizipata baadaye, kwa mafungu, maana vijana walikuwa wamekubaliana wasiseme. Walikuwa pale misheni ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu waliotoka Zanzibar walianza kazi mwaka 1868, kwenye eneo la ule mbuyu maarufu ambao, kwa masimulizi ya pale, mama wa Kifaransa alifunga mnyororo wa punda wake shinani, akausahau, mti ukakua ukaumeza. Wamesoma maelezo, wamepiga picha na mnyororo, wamekaa kivulini. Suala la pilau likaletwa mbele ya frateri, kwa kuwa ndiye msomi wa mambo matakatifu. Inasemekana aliitazama sufuria kwa muda, akauliza kama chakula hicho kitafika jioni bila kuharibika, akajibiwa kwamba jua la Bagamoyo halina mzaha. Basi akasema kuacha chakula kiharibike ni dhambi, akakibariki. Mti ulimeza mnyororo kwa miaka mingi. VIWAWA walimaliza kazi yao kabla ya Malaika wa Bwana ya saa sita.

Kule Pugu, katekista alijaribu kututia moyo kwa mfano wa wale mateka waliovumilia. Mzee mmoja akamjibu kwa adabu, "Katekista, wale walikuwa vitani. Sisi tulilipa mchango."

Ikabidi tuendelee na ratiba kwa vifaa tulivyokuwa navyo. Njia ya Msalaba ina vituo kumi na vinne, na wazee wetu hutawanyika: huyu amekaa kwenye jiwe, yule anatafuta miwani, wale wawili wanajadili bei ya viwanja Mabwepande. Katekista akaona filimbi. Akaipuliza kituo cha kwanza, watu wakakusanyika mara moja. Tangu parokia ianze hakuna aliyewahi kuona nidhamu ile. Akanogewa. Kila kituo, filimbi. Tulipofika cha kumi na nne, Yesu anazikwa, aliipuliza mara tatu, ndefu, na mzee aliyekuwa nyuma yangu akauliza wameshinda nani.

Baada ya hapo kilibaki chakula. WAWATA, chama kilichoanza mwaka 1972 na hakijawahi kushindwa kulisha watu, walishuka Gongo la Mboto wakiwa kwenye kitenge cha sare, wakapanga foleni mbele ya kibanda cha chipsi. Kijana wa kibandani alipoona akina mama wa rangi moja wamejipanga kwa mstari mnyoofu mpaka barabarani, alidhani ni ukaguzi wa manispaa. Alivaa kofia, akafuta meza, akaanza kueleza habari za leseni kabla hajaulizwa. Mama mwenyekiti akamwambia, "Mwanangu, sisi tuna njaa tu. Weka mayai mengi." UWAKA wao walipata mahindi ya kuchoma, wakayala ndani ya gari huku wamejifunika jezi, kwa sababu kipupwe hakina huruma kwa mzee mwenye njaa.

Kikao cha tathmini kilikaa wiki iliyofuata na kilikuwa kirefu kuliko hija zote mbili. VIWAWA waliomba radhi kwa barua nzuri yenye nukuu za Maandiko, wakaongeza kwamba walishindwa kucheza mpira kwa kukosa mpira, jambo walilolitaja kana kwamba nao ni wahanga. Frateri alikaa kimya upande wa paroko. Mwisho wa likizo paroko humwandikia taarifa ya mwenendo ya kupeleka seminarini, na sote tungependa kujua kama pilau ilitajwa, ila hakuna kamati yenye mamlaka ya kuuliza. Ikaamuliwa kwamba mwakani mabango yaandikwe PUGU na BAGAMOYO. Mjumbe mmoja alipinga, akataka kwanza iundwe kamati ndogo ya mabango. Ameshateuliwa kuiongoza.

Sufuria yenyewe ilirudi, imesuguliwa ikang'aa kuliko ilivyotoka kiwandani, na hapo ndipo tulipojua kuna jambo. Mfuniko haukurudi. Vijana wanasema uliachwa ndani ya gari, dereva anasema uliachwa chini ya mbuyu, na wenye sufuria wanasema hawataki kujua ulipoachwa, wanautaka. Sikukuu ya somo wao ni tarehe 15 Agosti, sisi ndio tumealikwa, na mwenyekiti wao ametuma ujumbe kwamba pilau yao mwaka huu itapikwa kwa kufunikwa na bati la kanisa letu, la hapo hapo juu ya madhabahu, atakuja kulibandua mwenyewe.

Kwa hiyo, msomaji, kama uko Bagamoyo, Bunju, Tegeta au popote Coaster ile ilipoweza kusimama, na una mfuniko mkubwa wa alumini, wenye mpini uliofungwa kwa waya na herufi za rangi nyekundu pembeni, tafadhali uulete ofisi ya parokia, Madale. Ofisi iko wazi siku zote isipokuwa Jumatatu. Hutaulizwa umeupataje. Ukiweza, uje kabla ya tarehe 15.