Jinsi ya Kuuziwa Shujaa Pamoja na Upanga

Ukitaka kuingizwa mjini kwa heshima, nenda mnadani Uingereza ukanunue upanga wa kale wa afisa wa askari wa miguu. Kwanza, mwamini dalali. Akisema upanga ulipigana Waterloo mwaka 1815, itikia. Usiusogeze dirishani, maana kwenye mwanga utaona herufi VR chini ya taji, za Malkia Victoria aliyeshika enzi mwaka 1837.

Kinga ya mkono nayo usiikague. Ile ya shaba yenye nafasi ndefu kama madirisha ya kanisa ilianza 1822. Ya bamba la chuma lililotobolewa mapambo ilikuja 1895, na 1897 ukingo wake wa ndani ukakunjwa ili usitafune sare ya mwenyewe. Sifia mpini tu: umevishwa ngozi ya taa, samaki yuleyule anayekaushwa kwetu Pwani, ukazungushiwa waya.

Sasa mwenye upanga. Maafisa walijinunulia panga zao, ndiyo maana wengine walichoresha herufi za majina au nembo ya ukoo kwenye bapa. Ukikuta J.S., umekwisha. Orodha za maafisa zilizochapishwa enzi hizo zimejaa akina J.S., lakini dalali atakuchagulia aliyekufa kishujaa mbele ya kikosi chake. Sijasikia dalali aliyempata J.S. aliyestaafu salama akafuga nyuki.

La hatari kuliko yote ni kuugeuza upanga ukatazama mgongo wa bapa, karibu na mpini. Hapo ndipo Wilkinson wa Pall Mall, London, walipoanza kupiga namba miaka ya 1850, na vitabu vyao vya kumbukumbu vipo hadi leo: namba, tarehe upanga ulipojaribiwa, na mara nyingi jina la mnunuzi. Jina likipatikana, gazeti la serikali, London Gazette, litakuonyesha alivyopandishwa cheo. Na kama alipigana Vita Kuu ya Kwanza, huenda jalada lake liko Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Kew. Mambo haya huharibu biashara. Shujaa wa dalali huingia kitabuni akatoka luteni fulani ambaye hakuna aliyewahi kumsikia, au, vibaya zaidi, duka la kushona sare lililonunua ili liuze.

Kama umeshindwa kujizuia ukayatazama hayo yote, basi pitisha kidole taratibu kwenye makali. Agosti 1914 maafisa waliokuwa wakienda Ufaransa walipeleka panga zao kwa fundi zikanolewa. Upanga ulionolewa, wenye namba inayolingana na kitabu na luteni wa kweli asiye na nishani hata moja, ununue. Ule wa Waterloo wenye taji la Victoria mwachie anayekuja nyuma yako, na usimweleze kitu mbele ya dalali.