Barua ya Wazi kwa Meneja wa Wafanyakazi, Mintarafu ya Mtoto Asiyejaza Fomu

Kwa Bwana Meneja Mtukufu,

Naomba kunena hadharani jambo la likizo yangu ya uzazi, ambalo nimekwisha kulinena faraghani, kwa mdomo na kwa maandishi, nisipate jawabu ila fomu. Na kila fomu niliyoirudisha imezaa fomu nyingine, kwa uzazi mwepesi ambao laiti ningeweza kumwazimia mke wangu, aliyeko kwetu Matinyani, katika Kitui Magharibi, akiusubiri mwezi wake.

Fomu ya mwisho yataka tarehe kamili ya kuzaliwa mtoto, na chini yake, kwa herufi nzito, yataka niambatishe cheti cha kuzaliwa cha mtoto huyo huyo ambaye ndiyo kwanza naomba ruhusa ya kwenda kumpokea. Serikali, kwa uzembe wake, imewapa wazazi miezi sita ya kumsajili mtoto akiisha kuwasili. Ofisi yako, kwa bidii isiyo kifani, yamtaka asajiliwe angali tumboni. Nilimuuliza mkunga kama jambo hilo lawezekana, akaniuliza mimi kama nimekula.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu chake cha 29, imempa mwanamke likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, ikamtaka atoe ilani ya maandishi ya siku zisizopungua saba, au pungufu kwa kadiri ya hali, na mwajiri akidai cheti cha tabibu au cha mkunga, akilete. Mwanamume imempa majuma mawili, kwa mshahara kamili vile vile, katika sentensi moja fupi isiyotaja ilani, wala cheti, wala hisani ya meneja. Sentensi hiyo nimeizunguka pande zote nikitafuta mlango ambao idhini yako ingeweza kuingilia, nisiuone. Hata hivyo barua yako yasema kwamba ombi langu "linafikiriwa kwa huruma", nami nakushukuru kwa kunihurumia kwa kitu ambacho Bunge lilikwisha kunipa.

Mmenijulisha pia kwamba majuma mawili ni mengi mno kwa mtu asiyenyonyesha. Kweli, jirani zetu ni wakadirifu kuliko sisi: sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 humpa baba siku tatu, na ya Uganda ya mwaka 2006 siku nne za kazi. Uswidi, ambako tangu mwaka 1974 baba na mama hugawana likizo ya malezi, siitaji, nisije nikakupandisha shinikizo la damu.

Lakini hata hizo siku tatu zina kisa kwetu Ukambani. Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, hapo hapo Kitui, ameandika katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika kwamba, kwa desturi ya Wakamba, siku ya tatu huchinjwa mbuzi au fahali, na wanawake waliokwisha kuzaa wakakusanyika kumpa mtoto jina. Na siku ya nne baba humvisha mkufu shingoni, na hapo ndipo mtoto huhesabiwa kuwa mtu kamili, kwani kabla yake alikuwa angali wa mizimu. Wengi wetu leo tumebatizwa na mikufu hatuvishi tena. Walakini hebu tazama hesabu: baba mwenye siku tatu hurudi kazini akiwa hajapata mtoto, kwa hakika hajapata mtu, ila amewatembelea mizimu kwa gharama ya kampuni. Wazee wetu, ambao hawakuwa na idara ya wafanyakazi, walimpa baba kazi asiyoweza kuikaimisha.

Sasa nije kwenye shutuma iliyoniuma, nayo ni kwamba wanaume wa Kitui aghalabu hupata watoto mwezi wa Novemba, mvua inaponyesha, ili wakapande ndengu na mbaazi kwa mshahara wa kampuni. Bwana, mvua za mwisho wa mwaka ndizo tegemeo letu kuu, na siwezi kukana kwamba mke wangu anatazamiwa kujifungua wakati huo huo. Lakini kama tungekuwa na uwezo wa kupanga mimba mnamo Februari kwa kulenga mawingu ya Novemba, bila shaka tungeanza kwa kuyapanga mawingu yenyewe, ambayo mara ngapi yamekuja Matinyani, yakatazama, yakaenda zake! Nakuahidi kwamba jembe sitalishika ila mtoto akiwa amelala. Na waliolea wanasema hapo hata baba hulala.

Tena uliniuliza, kwa upole, kama sina mama mkwe. Ninaye, Mungu amweke. Ila adabu ya kwetu haimruhusu mkwe na mama mkwe kukaa wakigongana mabega ndani ya nyumba moja, yeye akipika na mimi nikiomba chumvi. Akija atakaa kwa heshima zake na siku zake, na maji ya kuoga mzazi, kuni, na safari ya usiku ya hospitali vitabaki kuniita mimi.

Kwa hiyo, maadamu tarehe siijui, nimeandika: "Siku atakapozaliwa." Funguo za stoo zitakuwa kwa karani wa zamu ya usiku, ambaye amekubali kunikaimu kwa sharti kwamba nami nimkaimu yeye mwezi wa Machi, mkewe akijaaliwa salama. Yeye bado hajapewa fomu. Tafadhali mwekee moja, na ikiwezekana mtoto wake naye apelekewe nakala mapema, apate kuisoma.

Wako mtiifu,
Karani wa Stoo