Kitufe, Kitufe, Kitufe

Ofisi moja, jina nalimeza, imezindua programu ya simu kwa ajili ya wasioona. Keki ikakatwa, fulana zikagawiwa. Jirani yangu, asiyeona tangu utotoni, akaifungua kwa kisoma skrini. Sauti ikamsomea: "Kitufe. Kitufe. Kitufe." Cha nini na cha nini? Siri hiyo fundi kaondoka nayo. Akabahatisha cha tatu, akaambiwa athibitishe kuwa yeye si roboti: achague picha zenye taa za barabarani.

"Kaka, hebu niangalizie," akaniambia, "kumbe mimi roboti."

Kukipa kitufe jina ni kazi ya mstari mmoja wa msimbo. Mwongozo wa W3C, shirika la viwango vya wavuti, umedai maneno mbadala kwa picha tangu 1999. Kuna mafundi walikuwa hawajazaliwa. Ila mstari mmoja haukatiwi keki.

Nikapiga simu ya huduma kwa wateja. Binti akanijibu kwa upole wote: malalamiko hupokelewa ofisini tu, ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Lakini tusijali, ngazi zimepakwa rangi ya njano inayong'aa, wasioona wazione vizuri.