Msukule na Hesabu za Pumba

Mchoraji chipukizi anayetaka kutoa kitabu cha katuni chenye wafu wanaotembea hana haja ya kuwaagiza Marekani. Wa huko tunawajua: tangu filamu ya George Romero ya 1968 hadi The Walking Dead, katuni aliyoianza Robert Kirkman mwaka 2003, kazi yao ni kula watu. Mmoja wao akishuka stendi ya Misuna, Singida, kitisho chake hakifiki ukurasa wa tatu. Mtu anayepepesuka, macho kayatoa, akiulizwa aendako hajibu, ni riziki ya wapiga debe: huyu anamvutia basi la Dodoma, yule la Arusha, na nauli wanabishania wao kwa wao.

Msukule ana hadithi nono zaidi, kwa sababu hali watu, anafanyishwa kazi. Hata zombi wa Haiti alikuwa hivyo kabla Hollywood haijampa meno; William Seabrook, katika kitabu chake cha 1929, aliwaeleza kama vibarua wa mashamba ya miwa. Huku kwetu husimuliwa kwamba ndugu huzika mgomba wakidhani ni maiti (Singida hata huo mgomba ni wa kutafuta), marehemu akakatwa ulimi, akalishwa pumba na kulimishwa usiku. Haya, tupige hesabu. Singida mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Alizeti ikishapurwa, mwenye msukule anabaki na kibarua asiye na kazi nusu mwaka, naye anakula kila siku. Pumba zenyewe anazigombea na wafuga kuku. Mtama nao ukikomaa, kwelea-kwelea wanashuka, na kuamia ndege ni kupiga kelele tangu alfajiri. Msukule hana ulimi, na zamu yake ni ya usiku.

Atatokea wa kusema hili si la mzaha: vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na Singida yenyewe inakumbuka watu-simba wa 1946 na 1947, mauaji ambayo watu waliamini yanafanywa na vijana waliofugwa mafichoni, wakavishwa ngozi na kukodishwa. Habari hiyo ilikuwa nzito kiasi kwamba mwaka 1962 Harold Schneider, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wanyaturu, aliiandikia makala ya kuitathmini upya. Uzito huo naukubali, na atakayemchora bibi mwenye macho mekundu ili tumcheke amekosa adabu. Mimi namtaka mwenye mali. Mnong'ono unaoponza watu ni kwamba fulani kajenga kwa jasho la misukule. Kitabu kikimwonyesha anakopa pumba, anakwepa wanaomdai na mtama umeliwa wote, mnong'ono huo unakosa pa kusimama. Wala sioni wasomaji watamkataa. Jarida la Sani liliwalea kwa Lodi Lofa na Ndumilakuwili, na kabla yao Chakubanga wa Christian Gregory alikuwa kwenye gazeti la Uhuru. Mjanja anayeumbuka tumemzoea.

Mchoraji akikwama katikati, amshikishe msukule debe tupu, alipige badala ya ulimi. Ndege watakimbia, majirani wataamka, na mwenye mali atasimama mbele ya mwenyekiti wa kitongoji akieleza ni nani huyo asiyemo kwenye daftari la wakazi.