Shajara ya Mwalimu wa Sanaa

Jumatatu. Nimewagawia Kidato cha Pili maboksi, magazeti ya zamani na waya wa kufungia nondo. Agizo: tengenezeni sanamu isiyofanana na kitu chochote. Kimya. Kisha mkono ukanyooka: "Mwalimu, isiyofanana na kitu gani?" Hadi kengele inalia, nilikuwa na nyumba, nyumba nyingine, kuku, na lori lenye namba za usajili. Mwenye kuku kaapa si kuku. Ana kishungi na mkia.

Jumanne. Gundi imeisha. Nimempa mpishi unga wa muhogo atupikie uji mzito wa kubandikia magazeti. Kaupika vizuri, hauna hata donge. Katia na sukari. Anasema hajawahi kumpa mtoto uji usio na sukari na hataanza leo. Tumebandika hivyo hivyo.

Jumatano. Sisimizi. Kishungi kimenyofoka wakati wa kuwakung'uta, na mwenye kuku amefurahi kuliko wote.

Nikaona tupake jasi, sisimizi wakome. Jasi ikishaingia maji haimsubiri mtu: dakika chache tu inapata joto, kisha jiwe. Katikati ya kukoroga nikaitwa ofisini kusaini fomu ya kuomba jasi. Kurudi, mwiko umesimama wenyewe ndani ya ndoo. Mwiko ni wa jikoni. Mpishi kaja kuudai, nimemwonyesha ulipo.

Alhamisi. Nimewasimulia habari za El Anatsui, Mghana aliyefundisha miaka mingi Nsukka, Nigeria. Huyu hupondaponda vifuniko vya chupa za pombe, akaviunga kwa waya wa shaba mpaka vikaning'inia ukutani kama kitambaa kikubwa. Mwaka 2015 maonyesho ya sanaa ya Venice yalimtunuku tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake yote. Darasa likasisimka. Baada ya mapumziko kijana mmoja karudi na kiroba cha visoda kutoka baa ya mjomba wake. Kiroba kinanukia baa. Mwalimu wa nidhamu amekizuia, pamoja na kijana. Nimeandika maelezo kurasa mbili. Neno "Venice" halikusaidia.

Ijumaa. Maonyesho, wazazi wamealikwa. Mkuu wa shule kazunguka meza, mikono nyuma, akauliza hivi ni vitu gani. Nikamkumbusha kwamba hata Wamakonde wana mtindo wa mawingu, vinyago vinavyojipinda bila sura ya mtu wala mnyama, na watu wananunua. Akasema mawingu yao ni ya mpingo. "Haya ya maboksi yatanyeshewa."

Mzazi mmoja kasimama mbele ya kazi ya mwanawe.

"Hii ni nini?"

"Si kitu, baba."

"Na ada nimelipia nini?"

Mtoto akanitazama. Nikakumbuka nina chai ofisini.

Jioni mlinzi kaomba sanamu moja ya waya, anataka kuanikia soksi. Nimempa ile yenye matawi mengi.