Jinsi ya Kuchagua Kamera ya Mfukoni Bila Kuuziwa Maneno: Mwongozo kwa Wakazi wa Old Korogwe na Majirani Zao wa Handeni

Kanuni ya kwanza ya kununua kamera ndogo ni kumwacha muuzaji aongee mpaka achoke. Atakutajia megapikseli. Usipoitikia, atazitaja tena kwa sauti ya juu zaidi, na ukiendelea kunyamaza ataigeuza kamera akuonyeshe kibandiko chenye namba hiyo kwa maandishi ya dhahabu. Mshukuru, kisha muulize swali moja tu: "Kaka, hii nikimpiga bibi yangu kibarazani saa nane mchana, uso wake utaonekana?" Akikujibu kwa kutaja megapikseli kwa mara ya tatu, muage kwa heshima uende duka la pili.

Bibi nimemtaja kwa makusudi. Wauzaji wanapenda kukuonyesha picha za simba na milima yenye theluji, utadhani kila mtu wa Old Korogwe huamka asubuhi akaelekea Mkomazi. Kamera ya kila siku kazi yake ni nyingine. Itampiga mtoto akirudi shule soksi moja juu moja chini. Itapiga magunia ya mahindi yakishushwa kutoka Handeni, kikao cha VICOBA chini ya mwembe, wauza machungwa wakikimbilia madirisha ya basi pale stendi, na mto Pangani ukiwa umejaa wakati wa masika. Andika orodha yako mwenyewe kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani. Kamera isiyoweza kupiga vitu vya kwenye orodha hiyo haikufai hata ikiwa na jina kubwa.

Sasa tuhesabu hizo megapikseli, kwa kuwa ndiyo silaha kubwa ya muuzaji. Picha ya kawaida ya albamu ina sentimita 10 kwa 15. Ikisafishwa kwa ubora mzuri, yaani nukta 300 kwa kila inchi, inataka nukta 1,200 kwa 1,800, ambazo ni milioni mbili na ushee. Ukitaka picha ya ukubwa wa karatasi ya A4, ile ya kuning'iniza sebuleni, hata milioni tisa hazifiki. Kwa hiyo megapikseli 10 zinakutosha wewe, zinamtosha bibi, na zinabaki. Anayekusisitizia 50 anakuuzia nukta ambazo utazihifadhi kwa gharama yako kwenye kadi, kisha WhatsApp itazibana zote dakika ile unapomtumia shemeji.

Uliza ukubwa wa sensa. Hicho ndicho kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, na hapo ndipo picha nzuri inapoanzia. Kamera nyingi ndogo za bei ya chini zina sensa ya upana wa milimita 6 hivi na kimo cha milimita 4 na nusu. Kamera za mfukoni za daraja la juu, kama Sony RX100 iliyotoka mwaka 2012 au Canon PowerShot G7 X ya mwaka 2014, zina sensa ya milimita 13.2 kwa 8.8, eneo lililo kubwa mara nne. Kujaza nukta nyingi kwenye sensa ndogo ni kukaribisha wageni hamsini kwenye mkeka mmoja: wote wameketi, lakini hakuna aliyeketi vizuri. Matokeo yake utayaona usiku wa harusi, picha ikija imejaa chenga na bibi harusi hajulikani na dada yake.

Zumu nayo ina ulaghai wake. Iko zumu ya lenzi, ambapo vioo vyenyewe vinasogea na kukisogeza kitu karibu. Iko na zumu ya dijitali, ambapo kamera inakata kipande cha katikati ya picha, inakipanua, halafu inajisifu. Ya pili izime kwenye menyu siku hiyohiyo ya kununua, usiiwashe tena. Ya lenzi, mara tatu hadi mara tano inatosha kwa maisha ya mtaani, mengine malizia kwa miguu. Angalia pia namba inayofuata herufi f kwenye mdomo wa lenzi. Ikiwa ndogo, lenzi inaingiza mwanga mwingi zaidi. Ile G7 X inaanza na 1.8 na kuishia 2.8 ukivuta mpaka mwisho. Kamera za mfukoni zenye zumu ya mara thelathini mara nyingi huishia kwenye 6 na zaidi, kwa hiyo goli la jioni utalivuta karibu kweli, lakini mfungaji atakuwa ukungu.

Tuje kwenye jambo ninalolijali kuliko yote: jua letu na ngozi zetu. Korogwe saa saba mchana mwanga unashuka wima utosini, macho yanaingia kwenye mashimo ya kivuli, na nyuma ya mtu kuna anga jeupe au ukuta uliopakwa chokaa. Kamera hupima mwanga wa eneo lote, huona weupe mwingi, huamua kwamba mwanga umezidi, na huupunguza. Anga linapendeza, ukuta unapendeza, shangazi amegeuka kivuli chenye kilemba. Halafu watu wanamlaumu shangazi kwamba "hatoki vizuri kwenye picha". Shangazi anatoka vizuri kabisa. Aliyekosea ni mpigaji, na nyuma yake kuna historia ndefu: kwa miongo mingi, enzi za filamu, maabara zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley, na ngozi nyeusi zikaachwa zijitafutie mwanga zenyewe.

Kwa hiyo kamera yako lazima iwe na alama ya kujumlisha na kutoa, ile ya kuongeza au kupunguza mwanga, na iwe mahali ambapo kidole kinaifikia bila kuzama kwenye menyu tano. Anga likiwa nyuma ya mtu, ongeza mpaka +0.7 au +1. Anga litaungua kidogo, liache liungue, kwani hukuja kupiga anga. Ukiwa ndani ya mita tatu, washa fleshi hata kama ni mchana, watakucheka kwanza kisha wataomba picha zao. Na kabla ya yote hayo, msogeze mtu wako. Mkalishe kibarazani au ukingoni mwa kivuli cha mwembe, uso ukitazama nje kwenye mwanga, na nyuma yake pawe na kitu chenye giza, mlango wa mbao au majani. Ukiweza kusubiri, subiri saa kumi na moja jioni, jua la wakati huo ni laini na halimkunjishi mtu uso.

Jaribio lake lifanyie dukani. Mwambie muuzaji asimame mlangoni, jua likiwa mgongoni kwake, kisha mpige picha. Mwonyeshe. Kama amejiona meno tu, ongezeni mwanga pamoja mjaribu tena. Kamera ikishindwa kumwonyesha mwenye duka uso wake mwenyewe, mazungumzo ya bei hayana haja.

Kamera nyingi utakazokutana nazo Tanga mjini au Kariakoo zitakuwa za mtumba, na hilo lisikutie unyonge. Kampuni zimeacha kutengeneza nyingi mpya. Mwaka 2010 viwanda vya Japani vilisafirisha kamera za kidijitali zaidi ya milioni 120 duniani, na kufikia mwaka 2020 hesabu ilikuwa chini ya milioni 9, simu zikiwa zimekula soko. Mpigapicha Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza na Box Brownie ya mtumba akiwa mvulana wa miaka kumi na moja. Brownie ilitoka mwaka 1900 kwa dola moja, kiboksi kisicho na cha kurekebisha. Mwaka 1984 picha alizopiga Amin kule Ethiopia zikauamsha ulimwengu kuhusu njaa. Mtumba haujawahi kumzuia mtu mwenye macho.

Ila mtumba unataka ukaguzi, na hapa usione haya. Washa na kuzima mara kadhaa, sikio likiwa karibu na lenzi. Ukisikia mchanga unasagika, hiyo kamera imeshaishi maisha yake. Piga picha ya karatasi nyeupe, ikuze kwenye kioo, utafute madoa meusi yasiyohama, maana hilo ni vumbi lililokwishaingia ndani. Fungua kifuniko cha betri uangalie kutu ya kijani. Jaribu fleshi. Chomeka kadi yako mwenyewe, piga, toa, rudisha, uone kama picha zipo. Kamera za kabla ya mwaka 2006 kwa kawaida hazisomi kadi ya zaidi ya GB 2, na baadhi ya Olympus na Sony za zamani zinataka kadi za aina yake ambazo utazitafuta hadi uzeeke. Nunua inayotumia kadi ya SD. Ikiwa ni Sony iliyotengenezwa kwa soko la Japani, fungua menyu kabla hujatoa hela, kwa kuwa nyingi zina Kijapani peke yake na hazibadiliki. Chaja iandikwe 100–240V, la sivyo umeme wetu wa volti 230 utaikaanga usiku wa kwanza.

Betri ndizo zinazoua kamera nyingi vijijini. Kamera inakuwa nzima, betri yake ya kipekee imekufa, na hakuna duka kati ya Segera na Handeni lenye nyingine. Ndiyo maana mimi natetea kwa moyo wote kamera zinazotumia betri za AA, hizi tunazoweka kwenye rimoti. Canon PowerShot za mfululizo wa A zilikuwa hivyo nyingi, na kati ya mpya ipo Kodak PIXPRO FZ45 inayotumia mbili. Nunua za kuchajiwa, seti mbili, moja kwenye kamera na moja mfukoni. Zile za bei rahisi kabisa za dukani zitakupigia picha chache kisha zitalala, waachie wenye redio.

Kwa anayefanya kazi kwenye mkonge, anayeendesha bodaboda, au anayepita barabara za vumbi jekundu za ndani Handeni, ushauri wangu unageuka. Lenzi inayochomoza na kurudi huvuta vumbi kila inaporudi. Tafuta Olympus Tough TG-6 ya mwaka 2019 au ndugu yake OM System TG-7 ya mwaka 2023. Lenzi yake haichomozi, inazama majini mita 15, na ikidondoka unaiokota ukaendelea. Sensa yake ni ndogo, usiku itakupa chenga. Kubali hasara hiyo, kwa sababu kamera nzima yenye chenga inashinda kamera nzuri iliyokwama mdomo wazi.

Na simu je? Kama unayo nzuri na picha zako ni za mchana, baki nayo, pesa nunulia bati. Kamera inajilipa pale unapohitaji fleshi ya kweli usiku, zumu ya lenzi, betri ya kubadilisha, na utulivu wa kifaa kisichoita katikati ya picha. Faida nyingine haiandikwi kwenye boksi: kamera unaweza kumkabidhi mtoto wa darasa la nne azunguke nayo mtaa mzima bila kumkabidhi M-Pesa yako. Watoto hupiga vitu ambavyo watu wazima tumeacha kuviona. Mfundishe tu kubisha hodi na kuomba ruhusa: "Shikamoo bibi, naomba nikupige picha." Bibi akikataa, amekataa.

Ukishanunua, weka tarehe sahihi kwenye kamera kabla ya picha ya kwanza, la sivyo mjukuu wako wa mwaka huu ataonekana kazaliwa mwaka 2008. Kisha safisha picha. Zilizobaki kwenye kadi hufa na kadi, na zilizobaki kwenye simu huibwa na simu. Pale Zanzibar, Capital Art Studio ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na leo watu wanaona sura za babu zao na mitaa ya Mji Mkongwe kwa sababu mtu alisafisha na akatunza. Old Korogwe nayo ina nyuso zake, na kumbukumbu za tangu reli ya Tanga ilipofika Korogwe mwaka 1902, na nyingi zimebaki vichwani mwa wazee wanaozidi kupungua.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Mwenye kipato kidogo, nunua kamera ya AA yenye kadi ya SD, megapikseli 10 hivi, na kitufe cha kuongeza mwanga. Mwenye nacho, tafuta sensa ya milimita 13.2 na betri mbili. Wa mashambani, chukua TG. Kila mwezi chagua picha kumi, zipeleke studio, nakala moja mpe aliyepigwa, nyingine weka kwenye albamu, na nyuma yake andika kwa kalamu jina la mtu, mahali na tarehe.